Sifuri ya mwisho haina kiti

Kisumu, Jumapili jioni.

Leo akili imekwama kwenye baiti moja tu: ile sifuri inayofunga stringi (mfuatano wa herufi) ya lugha ya C. Ni kama makanga wa matatu ya Kakamega. Halipi nauli, kwa hiyo strlen(), inayopima urefu wa stringi, haimhesabu, lakini lazima apate pa kukanyaga.

Tuseme draiva (ya kifaa, si yule wa matatu) ndani ya kerneli, yaani kiini cha Linux, inataka kuhifadhi jina "Kisumu". Herufi 6. Msimbo unaomba kumbukumbu ya baiti n (hapa 6) kwa p = kmalloc(n, GFP_KERNEL), unanakili n kwa memcpy(), kisha unafunga kwa p[n] = 0. Umeomba 6, umeandika 7. Mbona haianguki? SLUB, mgawaji pekee wa vipande vidogo vya kumbukumbu uliobaki kwenye Linux tangu mwenzake SLAB iondolewe katika toleo la 6.8 mwaka 2024, haukati kumbukumbu kwa kipimo kamili. Una vibweta vya saizi maalumu: 8, 16, 32, 64, 96, 128, 192, 256 na kuendelea. Kwenye x86 anayeomba 6 hupewa cha 8, na sifuri inajikalia kwenye nafasi iliyobaki. "Nakuru" nayo inapita vilevile. Kila jaribio linapita.

Kisha linakuja "Kakamega". Herufi 8, kibweta cha 8 kimejaa pomoni, na sifuri inaangukia kwa jirani. Jirani huyo akiwa yuko huru, baiti zake 8 ndizo pointa (anwani) ya kibweta huru kinachofuata, na sasa baiti ya chini kabisa imefutwa. Ubaya ni kwamba, kama kinga ya CONFIG_SLAB_FREELIST_HARDENED haijawashwa, pointa iliyoharibika bado inaangukia ndani ya ukurasa uleule wa kumbukumbu, kwenye kibweta cha kweli ambacho huenda tayari kina mwenyewe. Kiti kimoja, tiketi mbili. Kerneli italia baadaye, ndani ya msimbo wa mtu asiye na hatia, na ripoti ya ajali itamtaja yeye.

Ndiyo maana draiva isiyopitishwa KASAN, kinasa makosa ya kumbukumbu cha kerneli, siiamini. KASAN ya kawaida huweka baiti 1 ya kivuli (rekodi ya baiti ngapi zinaruhusiwa kuguswa) kwa kila baiti 8. Ukiomba 6, kivuli kinaandikwa 6, na p[6] = 0 inanaswa papo hapo kwa ujumbe wa slab-out-of-bounds, hata jina likiwa "Kisumu". Inakula kumbukumbu na inaburuta mashine, basi iwe kwenye kerneli ya majaribio tu.

Lakini kwa nini ujumlishe ile 1 mwenyewe? kstrdup(), inayonakili stringi kwenye kumbukumbu mpya, hufanya strlen() + 1 yenyewe. Ukiujua urefu tayari, au chanzo hakina sifuri mwishoni, tumia kmemdup_nul(): inagawa urefu + 1 na kufunga. Ukiwa umeshika spinloki (kufuli ambalo ukilishika hairuhusiwi kulala), ni GFP_ATOMIC, maana GFP_KERNEL inaweza kulala. kstrdup() na kmemdup_nul() hurudisha NULL kumbukumbu ikikosekana.

Kunakili kwenye bafa iliyopo (nafasi iliyotengwa tayari) ni habari nyingine. strncpy() ikipewa bafa ya 8 na "Kakamega" haifungi kabisa, na anayesoma anaendelea hadi akutane na sifuri ya watu. Ikipewa bafa ya 4096 na "Kisumu", inamwaga sifuri 4090 bure. strlcpy() ilifunga, ila ilisoma chanzo chote ili irudishe urefu wake. Nayo iliondolewa katika 6.8. Iliyobaki ya kuaminika ni strscpy(): inafunga daima, na ikikata inarudisha kosa -E2BIG. Jibu hilo likipuuzwa, jina lililokatwa litapita kama jina zima.

Stringi ikitoka kwa programu ya mtumiaji, strndup_user() hupima kwanza, kisha hunakili. Katikati ya hatua hizo uzi mwingine wa programu unaweza kubadilisha herufi kule nje, kwa hiyo baada ya kunakili inalazimisha sifuri kwenye baiti ya mwisho bila kuuliza. Hii hairudishi NULL ikishindwa. Hurudisha kosa lililovaa nguo za pointa: -EFAULT, -EINVAL au -ENOMEM. Kagua kwa IS_ERR(). Ukiandika if (!p) kwa mazoea ya kstrdup(), -14 (yaani -EFAULT) itapita mlangoni, na mstari unaofuata utaisoma kama anwani.