Shanga za yeyo

Leo nimekaa na yeyo mmoja (mama wa Kimaasai) soko la Wamaasai hapa Arusha, nikimtazama akitunga kidani kipana cha shingoni. Mikono haitulii! Nyekundu ni damu na ushujaa, nyeupe maziwa, buluu mbingu inayoleta mvua, kijani majani ya malisho. Yaani ng'ombe yumo kila mahali. Nikauliza shanga zenyewe zinatoka wapi. "Za Ucheki ndizo hazichujuki, mwanangu." Na kweli, shanga ndogo za kioo zilienea huku karne ya 19 kwa biashara na Ulaya; kabla yake walitumia mbegu, mifupa, udongo na makombe. Nikaomba apunguze bei, akacheka tu. Nimelipa yote. Kazi ya macho ile, jamani, halafu mtu anataka bei ya plastiki ya Kariakoo!