Tromboni iliyonifanya niweke pasi kando

Jioni hii, nilipokuwa nikipiga pasi sare za watoto, redio ilicheza "I've Got You Under My Skin", wimbo wa mtunzi Cole Porter wa mwaka 1936, katika rekodi ya mwimbaji Frank Sinatra ya mwaka 1956.

Nimeusikia mara nyingi, ila leo niliisikiliza bendi badala ya mwimbaji.

Unaanza kwa utulivu, kama mtu anayezungumza karibu na sikio lako. Kisha, katikati, tromboni, yaani tarumbeta zenye bomba refu la kuteleza, zinarudia kipande kilekile kifupi, zikipandana, fidla nazo zikipaa, mpaka tromboni ya Milt Bernhart inapolipuka peke yake.

Hapo niliiweka pasi kando.

Nelson Riddle, aliyeupanga muziki huo, aliwahi kupiga tromboni katika bendi kubwa ya Tommy Dorsey, na Sinatra mwenyewe aliimba humo kuanzia 1940 hadi 1942, akijifunza kutunza pumzi kwa kumtazama Dorsey akipuliza tromboni yake. Kwangu mimi, ndiyo maana sauti ya Sinatra na ala zile zinapumua pamoja.

Wenzangu, ni wimbo gani ambao ala zake, si maneno yake, zimewahi kuwasimamisha hivyo?