Duka la mtaani likiomba leseni ya vileo: pingamizi la shehia liandikwe vipi

Duka la mtaani linapotaka kuanza kuuza bia, majirani wengi hupata habari siku friji inaposhushwa kwenye gari. Wakati huo ombi limeshapita kwa watu kadhaa, na kila mmoja ameshaandika maoni yake. Wanaochelewa hukimbilia kukusanya saini, wakaandika barua ya mistari mitano kwamba pombe ni haramu na mtaa hauitaki, kisha wakashangaa leseni imetoka.

Kwa Muislamu uharamu wake hauna mjadala, na hakuna wa kumzuia mtu kuusema. Lakini sheria ya Zanzibar inaruhusu vileo kuuzwa kwa leseni, kwa hiyo wanaokaa kuamua wanaulizwa jambo dogo zaidi: mtu huyu, katika chumba hiki, kwa saa hizi, apewe au asipewe? Hoja inayofaa kwa kila duka la Unguja na Pemba haiwapi sababu ya kulikataa hili moja. Hoja yenye nguvu ni ile isiyoweza kuhamishiwa mtaa wa pili.

Kwanza jueni nani ana mamlaka gani. Tangu Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya 2020, kuna Bodi inayosimamia leseni za vileo. Manispaa, baraza la mji au halmashauri inabaki na biashara ya kawaida, usafi, taka na ujenzi. Sheha ndiye anayeulizwa habari za mtaa, na neno lake lina uzito kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mara nyingi ndiye pekee katika faili aliyewahi kupita mbele ya duka lenyewe. Barua muipeleke kwa anayeamua, nakala kwa sheha, kwa mkurugenzi wa manispaa au halmashauri, na kwa mkuu wa wilaya. Chapisheni nakala moja ya ziada, igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mbaki nayo. Bila muhuri huo, barua iliyopotea ni barua ambayo haikuandikwa.

Msichanganye ngazi. Mjadala wa Januari 2024, bia zilipoadimika na Simai Mohammed Said akajiuzulu uwaziri wa Utalii na Mambo ya Kale, ulihusu leseni za waagizaji. Duka la mtaani ni ngazi ya rejareja. Ukijaza ukurasa kwa habari za waagizaji, umepoteza ukurasa.

Kabla ya kuandika chochote, mmoja wenu aende akaulize mambo matatu: jina la mwombaji, aina ya leseni anayoomba, na mchoro wa eneo. Aina ya leseni ndiyo inayobadilisha kila kitu. Duka la kununua na kuondoka ni jambo moja, mahali pa kunywea hapo hapo ni jambo jengine. Malalamiko mengi ya mtaani huzaliwa katikati ya hayo mawili: mtu anaomba duka la kuchukua, kisha linateleza polepole kuwa baa. Dalili zake zinaonekana kwa macho. Kuna kifungulio cha chupa kilichofungwa kamba pale kaunta, viti vya plastiki vinavyotolewa nje ikifika magharibi, chupa tupu zinazorudi kreti kwa kreti bila kutoka mtaani, na barza ya jirani iliyogeuka benchi. Mkiziona kwa mwombaji ambaye tayari ana duka, zipigeni picha zenye tarehe. Picha iwe ya vitu na mahali. Nyuso za wanunuzi hazihitajiki, na kuzisambaza ni kuwadhulumu.

Kisha pimeni. "Karibu na msikiti" ni maneno tu, mita ndizo zinazobishaniwa. Chukueni futi ya kamba ya mita 50, pimeni kutoka mlango wa duka hadi lango la msikiti, chuo cha Kurani, skuli na kituo cha afya, mara mbili kila mahali: kwa njia ya miguu, na kwa mstari ulionyooka kama inawezekana. Andikeni vipimo vyote viwili na mseme kipi ni kipi. Katika vichochoro, mita 60 za mstari zinaweza kuwa mita 150 za kutembea, na mwombaji atakuja na ile inayompendeza. Simu isitumike peke yake. Uwanjani kosa lake ni la mita chache, lakini baina ya kuta ndefu za Mji Mkongwe linaongezeka sana.

Umbali bila saa haujatimia. Skuli ikiwa na mikondo miwili, mchana watoto wa asubuhi wanatoka na wa mchana wanaingia kwa pamoja, na njia ile ile inajaa. Chuo kinaweza kuwa na darasa baada ya alasiri na jengine baina ya magharibi na isha. Chukueni karatasi moja, upande huu saa za watoto na sala, upande huu saa alizoomba mwombaji. Pale zinapogongana ndipo penye hoja yenu, na inaonekana bila kuelezwa.

Kelele ni eneo ambalo watu wanajua wanachoumia nacho lakini hawajui kukisema. Sauti ya spika ndogo mahali pa wazi hupungua takriban desibeli 6 kila umbali unapozidishwa mara mbili: ikiwa 80 kwa mita 10, ni 74 kwa mita 20, na 68 kwa mita 40. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1999 uliweka 45 nje ya chumba cha kulala usiku. Tena hesabu hiyo ni ya uwanja. Kuta za kichochoro zinairudisha sauti, hivyo haishuki kwa kasi hiyo. Programu ya simu ya kupimia haina usahihi wa kushinda kesi, lakini daftari lina nguvu: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, kilichosikika, nani aliamka. Wiki nne za daftari lililoandikwa na nyumba tatu tofauti zina uzito kuliko saini mia mbili.

Nyumba yenyewe nayo ichunguzwe, na hapa maombi mengi yana ufa ambao majirani hawautazami. Mwenye kuikodisha ni nani? Nyumba ya urithi ina warithi wengi, na mkataba uliotiwa saini na ndugu mmoja bila wenziwe ni mkataba wa mgogoro. Kama ni nyumba ya wakfu, ulizeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, kwa sababu mali iliyowekwa kwa ajili ya Mungu haikodishwi kwa biashara ya vileo. Ndani ya Mji Mkongwe, uliomo kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, kutoboa ukuta kufungua dirisha la kuuzia kunahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Mwombaji muungwana hupanga karatasi hizi mapema. Asiyezipanga hutegemea kwamba hakuna atakayeuliza.

Orodha ya saini iwe na jina kamili, nyumba au alama ya karibu, na umbali wa nyumba hiyo na duka. Saini 25 za watu wa ndani ya mita 100 zinatosha. Mkijaza majina ya shehia nyengine, au mtu mmoja akiwatilia saini jamaa zake wote, orodha nzima inaangushwa kwa kosa la mstari mmoja.

Sasa sehemu ambayo watu wengi hawaitaki: andikeni pia masharti. Semeni mnaomba leseni ikataliwe, na kwamba ikitolewa, itolewe kwa masharti haya. Huko si kukubali. Mkikataa kuyasema, leseni ikitoka itatoka tupu, na mtaa hautakuwa na chombo cha kumbana mtu. Sharti zuri ni lile ambalo mkaguzi anaweza kulithibitisha akisimama mlangoni kwa dakika moja. "Kelele zisizidi" halikaguliki, "pasiwe na spika" linakaguliwa. Ombeni kifungulio kisiwepo dukani, pasiwe na kiti wala meza mbele ya duka, friji isielekee njiani, mlango ufungwe saa tatu usiku, duka lisiuze vileo mwezi mzima wa Ramadhani, na anayeonekana mdogo adaiwe kitambulisho.

Ongezeni sharti la vichupa vidogo. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina mililita 25 za kileo halisi. Kichupa cha mililita 200 cha pombe kali ya asilimia 35 kina 70, karibu bia tatu, na kinaingia kwenye mfuko wa suruali ya skuli. Duka la mtaani lililokatazwa kuuza pombe kali chini ya mililita 750 limeondolewa sehemu kubwa ya madhara yake kwa vijana, na mkaguzi anaona kwa kutazama rafu tu.

Siku ya kikao wapelekeni watu wawili, si umati. Mmoja aeleze vipimo na saa, mwengine masharti. Msimtukane mwombaji wala kabila lake wala alikotoka. Kikao kikishasikia hilo, kinaacha kusikia mita.

Uamuzi ukitoka, uombeni kwa maandishi pamoja na sababu, maana rufaa haijengwi juu ya neno la mdomo. Leseni ikitolewa, ombeni nakala ya masharti na muandike tarehe yake ya mwisho kwenye daftari lile lile. Daftari liendelee. Miezi mitatu kabla ya tarehe hiyo, barua ya pili iwe tayari, na kila ukiukwaji uwe na siku, saa na sharti lililovunjwa.