Siku Mama alipotaka kizazi kitolewe

Mama yangu ni Mnubi wa Bombo, Uganda, na kwake ugonjwa hauna mjadala: kibaya kitolewe. Daktari wa hospitali ya Mulago, Kampala, alipotuambia kwamba kinyama walichokwangua kimekutwa na saratani ya ukuta wa mfuko wa uzazi, Mama hakulia. Aliuliza, "Upasuaji lini?"

Nilikuwa na miaka 29, nimeolewa, sina mtoto. Tangu usichana hedhi yangu ilikuwa ya kubahatisha, inapotea miezi kisha inakuja na kugoma kuondoka. Ya wakwe tuyaache.

Daktari aligeuza fomu ya maabara, akachora mfuko wa uzazi kwa kalamu ya wino, kisha akatia rangi utando wa ndani tu. "Upo hapa. Emarai, ile picha ya mashine ya sumaku, inaonyesha haujaingia kwenye msuli, na seli zake ni za daraja la kwanza, lile la upole." Homoni ni mbili, akasema: estrojeni hunenepesha ukuta, projesteroni huuzuia. Yai lisipopevuka, projesteroni haitoki ya kutosha, na ukuta unazidi kujaa. Mafuta ya mwili nayo huongeza estrojeni. Hapo Mama alinitazama kana kwamba rolex zote za Wandegeya, zile chapati za mayai, nimezila mimi.

Kwa hali kama yangu, projesteroni yenyewe ingeweza kuwa dawa, ya vidonge au ya kitanzi chenye homoni, na kizazi kikabaki kwa muda.

"Kwa muda," Mama alidakia.

"Ndiyo, Mama. Karibu watatu kati ya wanne ugonjwa huondoka, ila si wachache unawarudia. Kila baada ya miezi mitatu tutachukua kinyama tuangalie. Akiwa safi, atafute mimba upesi. Akishamaliza kuzaa, tunakitoa."

"Na usipoondoka?"

"Tunakitoa hata kama hajazaa."

Mabega ya Mama yakashuka. Watu hudhani alilegezwa na hamu ya mjukuu; mimi niliyekuwa pale najua ni yale masharti. Alichoogopa ni daktari wa kunibembeleza.

"Basi mwandikie," alisema, kabla mimi sijafungua mdomo. Nilifungua, nikasema nakubali, maana sahihi ilitakiwa yangu.

Tulishuka Wandegeya kutafuta megestroli, vidonge vya jamii ya projesteroni. Muuza dawa alipotaja bei, Mama alivuta kiti akaketi. "Ssebo, bwana wangu, huyu atameza kila siku, miezi na miezi. Nipe bei ya mteja wa kudumu."