Dondora aliyeninyima usingizi

Mteja wangu mmoja wa asali ni bibi wa Kiitaliano, mkaazi wa Malindi wa miaka mingi. Kaskazi iliyopita alikuja kuchukua chupa zake mbili akanikuta nanung'unika: mzinga wangu mmoja, ule ulioning'inia kwenye mwembe, ulikuwa unaisha nyuki mbele ya macho yangu. Akaweka chupa chini. "Umetazama kama kuna calabrone?"

Neno lile sikulijua. Akanionyesha picha kwenye simu: dondora mweusi, tumboni ana mkanda wa rangi ya chungwa, miguu imekolea manjano nchani kama aliyekanyaga bizari. Kwao ni Asia. Ufaransa alionekana mwaka 2004, na inaaminika aliingia na shehena ya vyungu kutoka China. Waliopima vinasaba wanasema huenda ukoo wote ulitokana na malkia mmoja tu. Mmoja! Mwaka 2012 akavuka mpaka akaingia Liguria, nyumbani kwa bibi huyu. Ndugu yake ana mizinga huko, na kila Agosti na Septemba huwakuta wameelea hewani mbele ya mlango wa mzinga, wameupa mgongo, wanamvizia nyuki anayerudi na mzigo. Wakimdaka humkata kichwa, mbawa na miguu, wakaenda na kifua peke yake, ndiyo nyama ya watoto wao. Nyuki waliobaki wanaogopa kutoka, na njaa inamaliza kazi.

Sisi wa pwani mgeni wa namna hii hatuhitaji kuelezwa. Kunguru hawa wanaotunyang'anya samaki waliletwa Unguja miaka ya 1890 kutoka Bara Hindi, na mwaka 2024 serikali ya Kenya ilikuwa bado inapanga kuua milioni moja.

Usiku ule nililala nikisikia mbawa. Asubuhi nikafika shamba, na chini ya mwembe nikakuta miguu ya nyuki, mbawa, na vichwa viwili vitatu. Nikainua macho, dondora mwekundu wa udongo, kiuno kama uzi, akapita pembeni ya mzinga. Nikasema basi, yametimia.

La kwanza nililofanya lilikuwa la kijinga. Nilikwenda mjini kununua kopo la dawa ya kupuliza wadudu. Mama watoto akalitazama, akanitazama. "Baba Salim, na nyuki je, si wadudu?" Lile kopo bado liko juu ya kabati.

Nilisoma jinsi Wamarekani walivyofanya kwenye jimbo la Washington, walikoingiliwa mwaka 2019 na dondora mwingine wa Asia, mkubwa kuliko huyu. Waliwanasa wakiwa hai, wakawafunga kijiredio kwa uzi, wakawafuata mpaka kwenye mti wenye kiota. Desemba 2024 wakatangaza kuwa wamemmaliza. Mimi redio sina. Nina kigoda. Nikakaa chini ya mkorosho siku tatu, asubuhi na alasiri, shughuli nyingine zote zikanisubiri.

Dondora wangu hakusimama mbele ya mlango wa mzinga hata mara moja. Alikuwa akipekua majani, jani kwa jani, kama mtu aliyeangusha shilingi. Nikamfuata kwa macho hadi kwenye makuti ya banda langu mwenyewe. Kiota chake kilikuwa kama kiganja, kimeshikwa na kikonyo kimoja, vijumba viko wazi unaviona. Yule wa Asia hujenga kiota kilichofunikwa kote kwa karatasi anayoitengeneza mwenyewe, kinakua kupita mpira, na mara nyingi kiko juu kabisa mtini. Miguu nayo ilikuwa myekundu mitupu, haina bizari.

Ili moyo utulie nilimtia mmoja chupani nikampelekea kijana wa Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, anayefuga vipepeo wa kuuza nje. Akacheka. "Ami, huyu adui yangu mimi, si wako. Anakula viwavi. Nikisahau kufunga wavu, jioni nahesabu nimepungukiwa."

Nikarudi nimepoteza adui, na nyuki bado wanakufa.

Jibu nililipata alasiri ya siku ya tatu, niliposogeza kigoda karibu kuliko akili inavyoruhusu. Mdomoni mwa mzinga nyuki mmoja alikuwa ametandazwa. Majimoto sita, wale sisimizi wakali wa mitini, walikuwa wamemshika, huyu mguu, huyu ubawa, kila mmoja anavuta kwake, kama mabaharia wanaokaza tanga. Hakuweza kuuma, hakuweza kuruka. Kisha wakambeba wakapanda naye kwenye waya unaoshikilia mzinga. Ule waya niliupaka grisi, naam, mwaka juzi. Ilikuwa imekauka na kushika vumbi, wanapita kama barabarani. Juu zaidi, tawi moja lilikuwa limekua mpaka likagusa kifuniko. Viota vyao vya majani yaliyoshonwa nilivihesabu 11 kwenye mwembe ule. Na mzinga haukuwa na walinzi wa kutosha, maana nilikuwa nimelina kwa tamaa, nikawaachia nyuki nusu ya nilichopaswa.

Usiku, na jirani mmoja na moshi wa makumbi, tulikata kila tawi lililokaribia mzinga, tukafuta waya kwa mafuta ya taa, tukapaka grisi mpya. Mlango niliuziba kwa kipande cha mbao nikaacha upenyo wa vidole viwili. Niliumwa mara tisa. Baada ya wiki tatu nyuki walikuwa wanaingia na chavua miguuni. Keremkerem wekundu, ndege wala nyuki wanaolala mikokoni kwenye hori la Mida, wanaendelea kuchukua fungu lao, ila hao kusi ikikaribia wanaondoka, nawavumilia.

Bibi aliporudi nikamsimulia. Akasema nduguye angelipa fedha kupata adui anayezuiliwa na grisi. Picha ya yule mwenye miguu ya bizari aliniachia. Nimeichapisha nikaibandika mlangoni mwa banda, chini ya kile kiota kwenye makuti, ambacho sikukiondoa.