Hina ya mdogo wangu kwenye PS3 ya Mama

Mama ana TV ya zamani pale Ngamiani, Tanga. Tundu lake la USB halichezi video yoyote. Kinachocheza ni PS3 (PlayStation 3, mashine ya michezo ya video) aliyoiacha kaka yangu alipokwenda Muscat kutafuta maisha. Kwa hiyo mdogo wetu wa kike alipoolewa, kazi ikaniangukia mimi: video zote za harusi zichezeke kwenye PS3, na Mama aweze kuziwasha mwenyewe nikisharudi Dar na kompyuta yangu.

Nilianza na flashi ya mpiga video. Nikaichomeka, PS3 kimya, kana kwamba sijachomeka kitu. Kumbe flashi ilikuwa imefomatiwa kwa mfumo wa NTFS, na PS3 inasoma mfumo wa FAT32 tu. FAT32 nayo haipokei faili linalozidi GB 4, na hili lilikuwa GB 6.4. Hapo ndipo wengi wanapokimbilia kukonveti faili zima upya, na inaniuma kweli, maana kila ukikonveti upya picha inapungua ubora. Mle ndani mlikuwa na picha iliyobanwa kwa njia ya H.264 na sauti iliyobanwa kwa AAC, na PS3 inavicheza vyote viwili bila shida. Nililikata tu vipande viwili kwa ffmpeg, programu ya video inayoendeshwa kwa kuandika amri, nikaiamuru inakili kila kitu kama kilivyo:

ffmpeg -i harusi.mp4 -t 01:05:00 -c copy 01-ndoa.mp4
ffmpeg -ss 01:05:00 -i harusi.mp4 -c copy 02-karamu.mp4

Dakika chache, kazi imekwisha. Ila chagua mahali patulivu pa kukata, kwa sababu ukinakili namna hii mkato hauangukii sekunde ileile uliyoitaja.

Kaka naye alifuatilia harusi kwa simu ya video, akairekodi skrini yake kwa programu ya OBS, ikamhifadhia faili la aina ya MKV. PS3 haifungui MKV. Lakini MKV ni pakacha tu. Embe zilizomo ndizo zilezile zinazowekwa kwenye pakacha la MP4: H.264 na AAC. Nikazihamisha kwa amri ileile ya kunakili, picha isiguswe. Kabla hujakonveti chochote, fungua faili kwa VLC, programu ya kuchezea video, bonyeza Ctrl na J, usome kilichomo. Ukiruka hatua hiyo, utachomesha kompyuta usiku kucha kwa kazi ya dakika mbili.

Kazi ngumu ilikuwa video za usiku wa hina. Mashoga zake walizirekodi kwa iPhone, na iPhone za tangu 2017 kwa kawaida hurekodi kwa HEVC, kodeki (njia ya kubana video) ambayo PS3 haiijui. Ilitoka 2006, miaka kadhaa kabla HEVC haijakuwepo. Hapa hapana ujanja wa pakacha, embe zenyewe ndizo hazikubaliki, lazima ukonveti. Mara ya kwanza nilikuwa na haraka. Nikafungua HandBrake, programu ya kukonveti video, nikachukua mpangilio mdogo uliotayarishwa kwa ajili ya simu, nikampelekea Mama. Aliitazama kidogo, kisha akasogea hadi mbele ya TV.

"Mwanangu, mbona hina yake imekuwa kama matope?"

Kweli. Yale maua membamba yaliyochorwa kwa hina kuanzia ncha za vidole hadi karibu na kiwiko, kazi ya saa nne ya mchoraji, yalikuwa yameungana yakawa doa moja la kahawia. Nyuzi nyembamba kama zile ndizo za kwanza kupotea unapoibana video.

Nikarudia. H.264, profaili High, level 4.1 (viwango ambavyo PS3 inavimudu), ukubwa wa picha 1920 kwa 1080, ubora RF 20 (namba ikishuka picha inakuwa nzuri zaidi na faili linakuwa kubwa zaidi), sauti AAC ya chaneli mbili. Kasi ya fremu, yaani idadi ya picha kwa sekunde, nikaiweka isiyobadilika, kwa sababu simu hupandisha na kushusha fremu zake, na hapo vigelegele huanza kuachana na midomo. Kompyuta yangu ni ya zamani, ikahitaji saa tano. Saa ya nne umeme ukakatika, na betri yangu ilishakufa zamani. Faili lililobaki halikufunguka hata kidogo, kwani orodha inayokionyesha kifaa kinachocheza video kila fremu iko wapi huandikwa mwishoni kabisa mwa MP4. Nilikaa kitandani nikiwa nimechoka sana. Alfajiri umeme uliporudi, nikaanza tena, safari hii klipu mojamoja badala ya zote kwa mkupuo, ili umeme ukikatika nipoteze moja tu.

Flashi mpya niliinunua ya GB 32, kwa sababu Windows ya kompyuta yangu haikupi chaguo la FAT32 kwenye flashi kubwa kuliko hiyo. Ndani nikaunda folda nikaiita VIDEO, ambayo PS3 huiona yenyewe. Ukiweka mahali pengine itabidi ubonyeze pembetatu, uchague Display All, na hilo sikutaka kumbebesha Mama. Majina ya faili yote nikayaanza kwa namba.

Jumapili amepiga simu. Jirani yetu alikuwa amekuja, na Mama alikuwa amesimamisha picha mwenyewe, mkono wa mdogo wangu umejaa skrini nzima, wanahesabu maua. Alitaka kujua namba tatu iko wapi, maana baada ya 02 anaona 04. Nimeitafuta, kweli niliisahau Dar. Nitaituma na basi la kesho.