Usishushe giaboksi kabla ya kuosha injini

Gari ninaloendesha ni Toyota Carina, ile ambayo wengi tunaiita Carina Ti, yenye injini ya 5A-FE ya cc 1,498. Ni gari la mwishoni mwa miaka ya 1990. Lilitumika Japani, likaletwa Dar es Salaam kwa meli likiwa mtumba, na sasa sili na gasketi zake, yaani vizuizi vya oili kwenye shafti na maungio, zimekaa kwenye joto la injini kwa zaidi ya miaka 20. Gari la umri huo likivuja oili si jambo la kushangaza. Linalonisikitisha ni namna uvujaji huo unavyochunguzwa katika gereji zetu nyingi: fundi anachungulia chini, anaona oili imetapakaa pale injini inapoungana na giaboksi, na papo hapo anatoa jibu, "Bosi, hiyo ni sili ya nyuma, inabidi tushushe giaboksi." Anamaanisha sili inayozuia oili pale krenkshafti, shafti kuu ya injini, inapotokea upande wa giaboksi.

Nami niliambiwa maneno hayohayo kuhusu gari langu, na aliyeyasema hakuwa ameshika hata tochi. Kushusha giaboksi si kazi ndogo. Shafti za magurudumu huchomolewa, maunti zinazoishikilia injini hufunguliwa, injini huning'inizwa ili isidondoke, na malipo ya ufundi huizidi bei ya sili yenyewe mara nyingi. Ikiwa baada ya kazi yote hiyo matone yataendelea palepale, mwenye gari atakuwa ametoa fedha zake kwa ajili ya sili ambayo haikuwa na kasoro. Ndiyo maana nashikilia kwamba hakuna kipuri cha kununuliwa wala nati ya kufunguliwa mpaka injini ioshwe na oili ifuatwe hadi inakotokea.

Oili hushuka yenyewe, na gari likiwa mwendoni upepo huisukuma kuelekea nyuma na pembeni, ikapita juu ya bloki, ikazunguka maunti, ikajikusanya kwenye ukingo wowote wa chini na kudondoka hapo. Kwa hiyo, doa lililoko sakafuni linakujulisha tu kwamba kuna uvujaji, wala halikuonyeshi ulipoanzia. Kinachotafutwa ni sehemu iliyo juu kuliko zote yenye oili mbichi. Katika barabara zetu zenye vumbi kazi hii ina ugumu wake, kwa sababu vumbi hushikamana na oili na kuwa ukoko mweusi unaoifunika injini yote, na mtu akiangalia ukoko huo hawezi kutofautisha oili ya jana na ya miaka mitatu iliyopita.

Kabla ya kuosha, ni vyema kuhakikisha kwamba kinachovuja ni oili ya injini. Weka boksi lililokunjuliwa chini ya gari usiku kucha, kisha asubuhi uangalie rangi ya matone kwenye mwanga wa jua. Oili ya injini huwa ya kahawia au nyeusi. Kimiminika chekundu huwa kinatoka kwenye giaboksi ya otomatiki au kwenye usukani wa pawa, kwa kuwa Toyota nyingi za wakati ule hutumia aina hiyohiyo ya oili kwenye mifumo yote miwili.

Kuosha kwenyewe kufanyike injini ikiwa imepoa. Mimi hutumia mafuta ya taa na brashi, nikayafuatisha na maji ya sabuni yasiyo na kasi, baada ya kufunika altaneta, distribyuta (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi) na njia ya hewa kwa mifuko ya nailoni. Wapo wanaoosha kwa petroli. Hilo silishauri hata kidogo, kwa sababu cheche moja ya waya wa betri inatosha kuwasha moto, nasi tuna mafundi wengi mno wanaofanya kazi wakiwa wamelala chini ya magari bila njia ya kutoka haraka. Injini ikishakauka, gari liendeshwe kama kawaida, halafu boneti ifunguliwe na kila upande ukaguliwe kwa tochi na kioo kidogo. Uvujaji ukiwa wa polepole, nyunyiza poda ya mtoto kwenye sehemu unazozishuku. Oili itakapopita itaacha mstari mweusi juu ya weupe wa poda, na mstari huo ukiufuata kwenda juu, utakuongoza hadi kwenye chanzo.

Katika gari langu mstari ulipanda kutoka kwenye kiungo cha giaboksi, ukapita ukutani mwa silindahedi (kichwa cha injini), ukaishia chini ya distribyuta. Kwa mwenye injini ya Toyota ya 5A, 4A au 7A yenye distribyuta, jambo hili linafaa kueleweka vizuri. Distribyuta ya injini hizi imechomekwa kwenye ncha ya silindahedi, upande wa giaboksi, ikizungushwa na kamshafti, shafti inayofungua vali, na kinachozuia oili pale inapochomekwa ni oringi moja ya mpira. Oringi hiyo ikikauka, oili hutiririka moja kwa moja hadi pale ambapo oili ya sili ya nyuma ingeonekana. Hata fundi mzoefu akiangalia kutoka chini tu ataona dalili zilezile. Nilipoichomoa distribyuta, oringi ilikuwa imebonyea upande mmoja, ngumu kama plastiki, na nilipoikunja kidogo ilikatika. Mpya, niliyoinunua kwenye maduka ya vipuri ya Kariakoo, ilikuwa na bei isiyofikia hata nauli ya bodaboda niliyoifuatia.

Kazi ya kuibadilisha haihitaji vifaa vikubwa, lakini inahitaji uangalifu. Waya wa hasi wa betri uondolewe kwanza. Kisha chora alama kwa bisibisi yenye ncha kali, ikivuka kutoka kwenye mwili wa distribyuta hadi kwenye silindahedi, kwa sababu matundu ya boliti zake yamerefushwa ili kuruhusu kurekebisha taiming, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, na ukiirudisha ikiwa imezungushwa hata kidogo, injini haitawaka vizuri. Oringi mpya ipakwe oili safi kabla ya kuingizwa ili isijikunje. Ukikuta oili ndani ya kifuniko cha distribyuta, penye rota, ujue kwamba tatizo ni sili ya ndani ya shafti yake, na oringi peke yake haitaliondoa.

Chanzo cha pili ninachokiona mara kwa mara katika magari haya ni gasketi ya tapeti kava, kifuniko cha juu ya silindahedi. Upande wa mbele wa injini ya Carina ndiko iliko manifoldi ya eksozi, hivyo oili ikishuka upande huo huungua, na dereva akisimama kwenye foleni husikia harufu ya oili iliyoungua au huona moshi mwembamba ukitoka pembeni mwa boneti. Gasketi hiyohiyo ndiyo inayozuia oili isiingie kwenye visima vya plagi. Ukichomoa waya wa plagi ukautoa ukiwa umelowa, hiyo ni dalili tosha. Kosa linalotendeka sana hapa ni kukaza nati kwa nguvu ili kuzuia uvujaji. Nati za kava hili zinahitaji mkazo mdogo sana, kama newtonmita 6 hivi, na ukizidisha, gasketi hubanwa ikapasuka. Kosa jingine ni kupaka silikoni gasketi nzima. Silikoni huwekwa kidogo tu kwenye pembe ambazo uso wa silindahedi unabadilika umbo. Ile inayozidi humong'onyoka ndani, ikasafiri na oili hadi kwenye chujio la pampu lililo ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), na hapo injini inaweza kukosa oili ilhali sampu imejaa.

Hata hivyo, kuna sili na gasketi nyingi zinazotupwa kwa sababu ya kipuri kidogo ambacho mafundi wengi hawakigusi kabisa, nacho ni vali ya PCV. Injini yoyote, hata nzima, hupitisha gesi kidogo kutoka juu ya pistoni kwenda chini kwenye krenkshafti, na vali hii ndiyo inayoziruhusu gesi hizo kuvutwa na kuchomwa upya. Ikiziba kwa uchafu, gesi hujikusanya, presha hupanda, na presha hiyo hutafuta sehemu dhaifu kuliko zote ya kutokea, ambayo mara nyingi ni sili. Unaweza kubadilisha sili ya mbele leo, na baada ya muda mfupi ikaanza kuvuja tena, ukamlaumu muuza vipuri kwamba amekupa feki. Vali hii imechomekwa kwenye tapeti kava ikiwa na mpira wa kuunganisha. Ichomoe na uitikise: inapaswa kugonga ndani. Kisha, injini ikinguruma sailensa (bila kukanyagwa mafuta) na vali ikiwa imechomolewa kwenye kava lakini bado iko kwenye bomba lake la mpira, ziba tundu lake kwa kidole. Unapaswa kusikia mvuto. Kama vali ni nzima lakini kifuniko cha oili kikifunguliwa kunatoka moshi kwa msukumo mkubwa, basi ringi za pistoni zimechoka, na hakuna sili itakayodumu mpaka hilo lishughulikiwe.

Sili za mbele, za krenkshafti na kamshafti, zina hatari ya pekee kwa kuwa ziko nyuma ya taiming belti, mkanda unaoizungusha kamshafti. Oili ikiigusa belti hiyo ya mpira huidhoofisha, nayo ikikatika injini huzimika ghafla barabarani. Kwa sababu kuzifikia kunahitaji kuondoa belti, ni busara kuzibadilisha kila belti inapobadilishwa, hata kama bado hazijavuja.

Kuhusu dawa za chupa za kuzuia uvujaji na ushauri wa kuhamia oili nzito, sioni kama ni matengenezo. Oili nzito hupunguza kasi ya matone, na dawa hizo huweza kulainisha mpira kwa muda, lakini gasketi iliyopasuka haiungani. Injini ya 5A hubeba takriban lita 3 tu za oili, hivyo anayepoteza lita moja bila kujua amepoteza theluthi nzima. Kupima kwa stiki kila wiki, gari likiwa mahali tambarare, ni lazima hadi uvujaji utakapokwisha.

Ikiwa baada ya kuosha na kufuatilia sehemu zote za juu zimebaki kavu na oili bado inatoka ndani ya kiungo cha giaboksi, hapo sili ya nyuma ndiyo yenyewe, na giaboksi ishushwe bila kusita. Kama ni ya manyuo, klachi ikaguliwe siku hiyohiyo, kwa kuwa iko wazi na malipo ya kuifikia yameshatolewa. Mwombe fundi apitishe kucha kwenye uso wa krenkshafti pale mdomo wa sili ya zamani ulipokuwa ukisugua. Akisikia mfereji, sili mpya isigongwe hadi kina kilekile cha ya zamani, bali iachwe juu yake kidogo, milimita moja hivi, ili mdomo wake ukae kwenye chuma ambacho hakijalika.